Je, mwanajopo anaweza kuweka kando alichokwisha kukisikia?

Machi 2021, mjini Minneapolis, mahakama ilikuwa katikati ya kuteua jopo la raia watakaoamua kesi ya Derek Chauvin, askari polisi aliyeshtakiwa kwa kumuua George Floyd. Watu saba walikwisha kukubaliwa. Tarehe 12 ya mwezi huo jiji likatangaza kwamba litailipa familia ya Floyd dola milioni 27. Malipo hayo yalimaliza shauri la madai, na kisheria hayakuhusiana na kesi ya jinai iliyokuwa mbele ya Jaji Peter Cahill. Lakini raia wa kawaida akisikia habari kama hiyo atajiuliza mara moja: jiji likikubali kutoa fedha zote hizo, si limekiri kwamba askari wake alikosea?

Cahill akawaita tena wale saba, mmoja mmoja, kwa njia ya video. Alitaka kujua kama wameisikia habari ya malipo, na kama bado wanaweza kuamua kwa ushahidi utakaoletwa mahakamani peke yake. Wawili wakaeleza kwamba kiasi kile cha fedha kimewagusa kiasi cha kuwawia vigumu. Wakaondolewa. Watano wengine wakamridhisha jaji kwamba wanaweza, wakabaki.

Ugumu wote wa jambo hili umo humo. Wawili waliondoka kwa maneno yao wenyewe, na watano walibaki kwa maneno yao wenyewe. Hakuna chombo cha kupimia upendeleo ulio kichwani mwa mtu, hata mtu mwenyewe hana. Sheria ya nchi zinazotumia majopo ya raia imehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka mia mbili, na nadhani baadhi ya majibu yake ni mazuri sana, na mengine ni dhaifu kuliko mahakama zinavyopenda kukubali.

Kutojua si sharti

Kwanza mgawanyo wa kazi. Katika mfumo huu jaji hushughulikia sheria: ushahidi upi uruhusiwe, kosa lina vipengele gani, na mara nyingi adhabu iwe ipi. Jopo, ambalo kwa kesi nzito kwa kawaida ni raia 12 wasio wanasheria, huamua mambo ya hakika: mshtakiwa alitenda au hakutenda. Uamuzi wao hauandikiwi sababu. Wanaingia chumbani, mlango unafungwa, wanatoka na neno moja au mawili. Kwa hiyo kama mmoja wao aliingia na hukumu yake mfukoni, hakuna karatasi itakayoonyesha hivyo baadaye.

Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanampa mshtakiwa wa jinai haki ya jopo lisilopendelea upande, litakalotoka katika jimbo na wilaya ambako kosa lilitendeka. Yasome maneno hayo mara mbili utaona yanavutana. Watu wa mahali kosa lilipotendeka ndio waliolisikia zaidi, ndio waliohudhuria mazishi, ndio waliobadilisha makufuli ya milango yao. Na hao hao ndio wanaotakiwa wasiwe na upande.

Zamani mvutano huo haukuwapo. Katika Uingereza ya Zama za Kati wanajopo walikuwa majirani walioitwa kwa sababu wanajua kilichotokea, au wana njia ya kukijua kabla ya siku ya shauri. Walifanana na mashahidi kuliko waamuzi. Karne zilivyopita mashahidi wakatenganishwa na waamuzi, na kule kujua mapema, ambako kulikuwa sifa, kukageuka kasoro.

Kesi iliyoweka mpaka ni ya mwaka 1807. Aaron Burr, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, alishtakiwa kwa uhaini mjini Richmond, Virginia. Magazeti yalikuwa yamemchambua kwa miezi, na Rais Thomas Jefferson mwenyewe alikwisha kuliambia Bunge kwamba hatia ya Burr haina shaka. Kumpata mtu ambaye hajasikia lolote kulikuwa karibu na muhali. Jaji Mkuu John Marshall, aliyesimamia kesi, akatofautisha aina mbili za fikra anazoweza kuja nazo mwanajopo. Kuna fikra nyepesi, ambazo kwa kawaida zitaupisha ushahidi ukifika. Hizo hazimwondoi mtu. Na kuna fikra nzito zilizozama, zinazoifunga akili isiusikie ushahidi wa upande wa pili, hizo zinamwondoa. Burr hakupatikana na hatia.

Nauona mpaka huo kuwa wa haki. Mtu asiyesoma gazeti, asiyesikiliza redio wala kuzungumza na jirani hapati kwa hilo uwezo wa kupima ushahidi. Jopo lililojaa watu wa namna hiyo lingekuwa limekatwa na jamii ambayo linatakiwa kuiwakilisha.

Wanane kati ya kumi na wawili

Mpaka wa Marshall ulipimwa vikali katika jimbo la Indiana. Kati ya Desemba 1954 na Machi 1955 watu sita waliuawa karibu na mji wa Evansville. Aprili 1955 Leslie Irvin akakamatwa, na muda mfupi baadaye polisi na waendesha mashtaka wakawapa waandishi wa habari taarifa kwamba amekiri mauaji yote sita. Wakili wake akaomba kesi ihamishwe. Ikahamishwa, lakini hadi kaunti ya jirani tu, Gibson, ambako magazeti yaliyobeba habari hizo yalikuwa yakifika katika takriban asilimia 95 ya nyumba. Akaomba ihamishwe tena, akakataliwa.

Uteuzi wa jopo ukaanza. Waliitwa watu 430. Kati yao 268 waliondolewa na mahakama kwa sababu walisema wana msimamo usiobadilika kwamba Irvin ana hatia. Kati ya wote walioulizwa kuhusu jambo hilo, karibu asilimia 90 walikuwa na maoni ya namna fulani juu ya hatia yake, kuanzia shaka hadi uhakika kamili. Mwishowe wakapatikana 12. Wanane kati yao walikiri mbele ya mahakama kwamba wanaamini alitenda. Na kila mmoja wa hao wanane alisema kwamba, pamoja na hayo, atatenda haki. Irvin akahukumiwa kifo.

Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1961, majaji wakasema mambo mawili ambayo watu huyanukuu kila moja peke yake, ilhali hayaeleweki vizuri yasiposomwa pamoja.

La kwanza linarudia mafundisho ya Marshall: mwanajopo hatakiwi awe hajui kabisa habari za kesi. Katika zama za mawasiliano ya haraka, sharti hilo lingefanya majopo yasipatikane. Inatosha kama anaweza kuweka kando fikra aliyokuja nayo na kuamua kwa ushahidi wa mahakamani.

La pili ndilo lililomwokoa Irvin. Mahakama ilikubali kwamba wale wanane huenda walikuwa wakweli waliposema watatenda haki. Lakini ikasema kauli hiyo haiwezi kupewa uzito mkubwa pale ambapo watu wengi kiasi hicho, mara nyingi kiasi hicho, wamekiri kuwa na upendeleo. Yaani neno la mwanajopo lilipimwa kwa mazingira aliyotoka. Ukimsikiliza mmoja peke yake, anaaminika. Ukitazama wale 430, unaona hali ya hewa ambayo huyo mmoja amekuwa akiivuta kwa miezi.

Hukumu ikafutwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mahakama ya Juu kutengua hukumu ya jimbo kwa sababu ya kelele za vyombo vya habari kabla ya kesi. Irvin akashtakiwa upya, akatiwa hatiani tena, safari hii akapewa kifungo cha maisha. Nalitaja hilo kwa sababu wako wanaodhani kwamba kudai jopo lisilopendelea ni kuwatafutia wahalifu mlango wa kutokea. Jopo la pili liliusikia ushahidi likafika pale pale. Tofauti ni kwamba mara hii uamuzi ulitokana na ushahidi.

Muda, umbali, kufungiwa

Pale jamii nzima inapokuwa imekwisha kuambukizwa, mahakama zina dawa kadhaa, na karibu kila moja ina madhara yake.

Kusubiri ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa hasira hupoa na habari husahaulika. Lakini mshtakiwa naye ana haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa. Kuwafungia wanajopo hotelini mbali na televisheni hutumika mara chache. Jopo la kesi ya O. J. Simpson, mwanamichezo maarufu aliyeshtakiwa kwa mauaji, lilikaa siku 265 katika hali hiyo mwaka 1995, na sidhani kuna mtu anayetaka kulirudia zoezi lile.

Dawa nyingine ni jaji kuidhibiti mahakama yake. Mwaka 1954 Sam Sheppard, daktari wa eneo la Cleveland, alishtakiwa kwa kumuua mkewe. Magazeti yalichapisha majina na anwani za walioitwa kwa ajili ya jopo, nao wakaanza kupokea barua na simu kutoka kwa watu wasiowajua. Waandishi walijazana ndani ya chumba cha mahakama hadi wakili alishindwa kunong'onezana na mteja wake bila kusikika. Mahakama ya Juu ilipoifuta hukumu yake mwaka 1966 ilimlaumu hasa jaji aliyeacha hayo yatokee. Sheppard akasikilizwa upya mwaka huo huo, akaachiwa huru.

Kuhamisha kesi ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Baada ya bomu la Oklahoma City kuua watu 168 mwaka 1995, kesi ya Timothy McVeigh ilihamishiwa Denver, katika jimbo jingine kabisa, na ni vigumu kuulaumu uamuzi huo. Lakini ukihamisha kesi unahamisha pia orodha ya watu watakaoitwa. Askari wanne wa Los Angeles walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King, mtu mweusi, tukio lililorekodiwa kwa video, walihamishiwa Simi Valley, kitongoji chenye wakazi wengi weupe na familia nyingi za polisi. Jopo la mwaka 1992 halikuwa na mtu mweusi hata mmoja. Askari hao hawakutiwa hatiani, isipokuwa shtaka moja dhidi ya mmoja wao ambalo jopo lilishindwa kukubaliana, na Los Angeles ikawaka moto. Kesi ilihamishwa ili kukwepa upendeleo wa mahali pamoja, na ikatua mahali penye mwelekeo wake.

Swali lililo dhaifu kuliko yote

Silaha ya kila siku, hata hivyo, ni mahojiano. Nchini Marekani walioitwa huketi mbele ya jaji na mawakili na kuulizwa maswali, wakati mwingine baada ya kujaza dodoso refu. Kisha huondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa sababu maalumu: wakili anamwonyesha jaji kwamba mtu huyu ni ndugu wa shahidi, au amesema wazi kuwa hawezi kutenda haki, na jaji anaamua. Njia hii haina kikomo cha idadi. Ya pili ni kumkataa mtu bila kueleza chochote, na kila upande una idadi yake. Katika kesi ya Donald Trump mjini New York mwaka 2024, kila upande ulikuwa na nafasi 10.

Mahojiano yakizembea huenda hivi. Mtu anasema amesoma habari nyingi, na anaona kama mshtakiwa alitenda. Jaji anamuuliza: "Lakini nikikuelekeza uamue kwa ushahidi wa hapa tu, utaweza kuyaweka hayo kando na kutenda haki?" Mtu anaitazama joho, bendera, na ukumbi mzima uliomkodolea macho. Anasema ndiyo. Jaji anamshukuru na kuendelea.

Jibu hilo linatuambia kidogo sana. Swali lenyewe limekwisha kumwonyesha jibu linalotakiwa, na anayeliuliza ni mtu mwenye mamlaka kuliko wote ukumbini. Zaidi ya hapo, watu wengi wanaosema ndiyo wanasema kwa moyo mweupe. Nyani haoni kundule: upendeleo wenye nguvu zaidi ni ule ambao mwenyewe anauona kuwa ni akili ya kawaida tu. Kumuuliza mtu kama ana upendeleo ni kumfanya awe shahidi wa pekee katika jambo ambalo hana namna ya kulitazama.

Maswali yenye manufaa ni yale yanayogusa matendo na mahusiano. Umesoma nini, wapi, mara ngapi? Umewahi kuandika chochote kuhusu kesi hii? Kuna mtu katika familia yako aliyewahi kushtakiwa, au kushambuliwa, au kufanya kazi polisi? Katika kesi ya Trump dodoso lilikuwa na maswali 42 ya aina hiyo, kuhusu vyombo vya habari mtu anavyofuata, mikutano ya kisiasa aliyohudhuria, na makundi anayoyaunga mkono. Katika kundi la kwanza la watu 96, zaidi ya nusu walijiondoa wenyewe mara tu walipoambiwa waseme kama hawawezi kutenda haki. Wengine walionaswa na mawakili kwa machapisho yao ya zamani ya Facebook wakaondolewa hata kama walisema wanaweza. Na mwanajopo mmoja aliyekwisha kuapishwa alirudi kusema kwamba jamaa na marafiki wamemtambua kutokana na maelezo yaliyotangazwa, na sasa hana hakika tena kama ataweza kuamua bila shinikizo. Akaruhusiwa aende. Huyo hakuwa na upande alipoapa. Ulianza kusukumwa ndani yake kutoka nje.

Kama majaji walazimishwe kuuliza maswali ya kina, Mahakama ya Juu imesita. Katika kesi ya Dzhokhar Tsarnaev, aliyelipua mabomu kwenye mbio za marathon za Boston mwaka 2013, watu 1,373 walijaza dodoso la maswali 100, na 256 wakahojiwa ana kwa ana. Jaji alikataa kumuuliza kila mmoja ni habari gani hasa alizosoma au kuziona kuhusu mlipuko huo. Mahakama ya rufaa ikasema alipaswa kuuliza, ikafuta adhabu ya kifo. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaamua kwamba jambo hilo ni la hiari ya jaji, ikairudisha adhabu. Naona mahakama ya rufaa ndiyo iliyokuwa na hoja. Mtu aliyeona kichwa cha habari cha mlipuko na mtu aliyesoma kwamba mshtakiwa amekiri hawakubeba mzigo mmoja, hata kama wote wawili wanajibu "nimesikia kidogo".

Maswali 145 dhidi ya 12

Mahojiano hayo yanaweza pia kugeuzwa kuwa chombo cha kutengenezea upendeleo. Kwa muda mrefu haki ya kumkataa mtu bila sababu ilitumika kuwaondoa watu weusi, kesi baada ya kesi. Mwaka 1986, katika shauri la Batson dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kumkataa mtu kwa sababu ya rangi yake. Mwendesha mashtaka akionekana kufanya hivyo, sharti atoe sababu isiyohusu rangi. Sababu hizo hazikuwa ngumu kuzitunga: hakunitazama machoni, alionekana kuchoka, anaishi karibu na eneo la tukio.

Mkazi wa Mississippi aitwaye Curtis Flowers alishtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale ya watu wanne yaliyotokea mwaka 1996 katika mji wa Winona. Mwendesha mashtaka alikuwa yule yule mara zote sita. Katika kesi hizo kwa jumla, upande wa mashtaka uliwakataa watu weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwakataa. Katika kesi ya sita, watu weusi watano waliokataliwa waliulizwa kwa jumla maswali 145. Watu weupe 11 waliokalia viti vya jopo waliulizwa maswali 12, wote kwa pamoja. Ukimhoji mtu mara thelathini hivi hukosi kupata kijisababu, usipomhoji hukipati. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2, na mwaka uliofuata mashtaka dhidi ya Flowers yakaondolewa. Alikuwa amekaa kizuizini zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya mlango kufungwa

Vipi upendeleo ukigundulika wakati uamuzi umekwisha kutoka? Kanuni ya zamani inakataza kuwatumia wanajopo kuelezea yaliyosemwa chumbani ili kuubomoa uamuzi wao. Ina mantiki yake: bila siri hiyo, kila aliyeshindwa angewaandama wanajopo majumbani kwao, na wao wenyewe wasingezungumza kwa uwazi.

Mwaka 2017 kanuni hiyo ilitobolewa tundu moja. Huko Colorado, baada ya Miguel Peña-Rodriguez kutiwa hatiani, wanajopo wawili walimweleza wakili kwamba mwenzao, askari wa zamani, alikuwa amewaambia chumbani kuwa mshtakiwa alitenda kwa sababu ni Mmexico, na kwamba wanaume wa Kimexico hujichukulia wanachotaka. Alimdharau pia shahidi wa utetezi kwa kumwita mhamiaji haramu, ilhali shahidi huyo alikwisha kueleza kwamba yuko nchini kihalali. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 3, ikasema mwanajopo akionyesha wazi kwamba aliegemea ubaguzi wa rangi au asili ya mtu, siri ya chumba haitamlinda.

Kesi ya Ghislaine Maxwell ilileta swali lenye maumivu ya aina nyingine. Baada ya kutiwa hatiani Desemba 2021 kwa makosa ya kuwasafirisha wasichana kwa ajili ya unyanyasaji wa kingono, mwanajopo mmoja aliwaambia waandishi kwamba yeye mwenyewe alinyanyaswa utotoni, na kwamba aliwaeleza wenzake kisa chake wakati wa majadiliano. Katika dodoso alikuwa amejibu "hapana" alipoulizwa juu ya jambo hilo. Jaji Alison Nathan akamwita, akamhoji kwa kiapo. Alisema alijaza fomu haraka haraka bila makini. Jaji akamwamini kwamba hakudanganya kwa makusudi, na akaona kwamba hata angejibu sahihi asingeondolewa kwa sababu maalumu. Hukumu ikabaki, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha mwaka 2024.

Mimi nakubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo kwa moyo wote: mtu aliyedhulumiwa hawi mpendeleaji kwa sababu tu ya kudhulumiwa. Kumtoa kila aliyewahi kunyanyaswa katika kesi za unyanyasaji ni kuwaondoa watu wengi mno, na kuwaongezea adhabu. Lakini jibu lisilo la kweli, hata la uzembe, liliwanyima mawakili nafasi ya kumuuliza swali la pili na la tatu, na ni katika maswali hayo ndipo tungejua kama jeraha lake limempa ufahamu au limemfungia njia.

Njia ya Uingereza

Uingereza imechagua barabara tofauti kabisa. Kule wanajopo huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura, wenye umri wa miaka 18 hadi 75, na kwa kawaida hawahojiwi. Haki ya kumkataa mtu bila sababu ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1988. Badala ya kuwachuja watu, wanachuja habari: chini ya sheria ya mwaka 1981, gazeti linaloandika jambo lenye hatari kubwa ya kuiharibu kesi inayoendelea linaweza kushtakiwa kwa kuidharau mahakama.

Intaneti imeitikisa barabara hiyo. Utafiti wa Profesa Cheryl Thomas, uliochapishwa na Wizara ya Sheria mwaka 2010, ulikuta kwamba katika kesi zenye umaarufu asilimia 12 ya wanajopo walikiri kutafuta habari za kesi mtandaoni wakati wakiisikiliza. Mwaka 2011 mwanajopo alifungwa miezi minane kwa kuwasiliana na mshtakiwa kupitia Facebook; mwaka uliofuata mwingine akafungwa miezi sita kwa kumpekua mshtakiwa kwenye intaneti na kuwasimulia wenzake. Tangu sheria ya mwaka 2015, kufanya upekuzi wa namna hiyo ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka miwili jela.

Kumi na wawili kwa pamoja

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kutopendelea ni sifa ya mtu mmoja mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani inalitazama hivyo pia: mwaka 1986, katika shauri lililohusu kuwaondoa kwenye majopo watu wanaopinga adhabu ya kifo, ilisema Katiba inataka wanajopo ambao kila mmoja hana upendeleo, wala haidai kwamba ndani ya jopo kuwe na uwiano wa mitazamo. Hapa ndipo ninapotofautiana na majaji hao.

Wachumi watatu walichunguza zaidi ya kesi 700 za kaunti mbili za Florida, za kati ya mwaka 2000 na 2010, wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Pale ambapo kundi la walioitwa kwa ajili ya jopo halikuwa na mtu mweusi hata mmoja, washtakiwa weusi walitiwa hatiani kwa asilimia 81 na weupe kwa asilimia 66. Pale ambapo kundi hilo lilikuwa na angalau mtu mweusi mmoja, viwango vilikuwa asilimia 71 kwa weusi na 73 kwa weupe. Mtu mmoja katika orodha, ambaye mara nyingi hata hakuishia kuketi kwenye jopo, alitosha kubadilisha picha. Mwanasaikolojia Samuel Sommers naye, katika jaribio la majopo ya kuigiza alilolichapisha mwaka 2006, aliona majopo yenye watu wa rangi mchanganyiko yakijadiliana kwa muda mrefu zaidi, yakigusa mambo mengi zaidi ya kesi na kukosea machache. Na walioboreka ni pamoja na wale weupe: walikuwa makini zaidi walipojua kwamba mezani kuna mtu asiyeona mambo kama wao.

Matokeo hayo yananifanya niamini kwamba upendeleo wa mtu hauondoki kwa kuapa, ila hukutana na swali la mwenzake. Asemaye "watu wa aina ile ndivyo walivyo" hupita salama katika chumba ambacho wote wanaafiki. Katika chumba chenye mtu wa aina ile, hulazimika kutaja ushahidi. Ndiyo maana nashangaa mahakama inapotumia wiki tatu kumchunguza kila mtu moyoni, kisha isijali kwamba 12 waliopatikana wote wametoka mtaa mmoja wa mawazo.

Baadhi ya nchi na majimbo yameanza kusogea. Canada ilifuta haki ya kumkataa mwanajopo bila sababu mwaka 2019, baada ya hasira zilizofuata kesi ya Saskatchewan ambamo mkulima mweupe aliachiwa huru kwa kifo cha kijana wa jamii ya wenyeji asilia, huku kila mtu aliyeonekana kuwa wa jamii hiyo akiwa amekataliwa na utetezi. Jimbo la Arizona likafuata tarehe 1 Januari 2022, la kwanza nchini Marekani. Wakili wa Arizona anayetaka kumwondoa mtu siku hizi hana njia ila kumweleza jaji sababu, na ili aipate sababu hiyo lazima kwanza aulize jambo zaidi ya "utaweza kutenda haki?"